Chai ya Kericho hunyolewa vizuri kuliko mji wenyewe

Ukipanda matatu Nakuru ukielekea Kericho, kuna mahali baada ya Londiani Junction ambapo gari lote hunyamaza. Wanaopita mara ya kwanza hutoa simu na kuanza kupiga picha dirishani. Chai imeanza. Inapanda kilima, inashuka bonde, imekatwa sawasawa kana kwamba kuna mtu aliyepita na rula. Vijia vyake vimenyooka, na miti ya mikaratusi imesimama kwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Kisha mnapita Brooke, mnaingia mjini, unashuka stage na mguu wako wa kwanza unatua kwenye dimbwi.

Kericho hiyo ya dimbwi haiko kwenye kalenda wala kwenye pakiti za majani ya chai, lakini ndiyo tunayoishi sisi. Tangu niache chuo nimekuwa nikizunguka mji huu kwa miguu karibu kila siku, maana asiye na ofisi hufanya barabara kuwa ofisi. Kama kuna jambo moja ambalo wazee, vijana, wenye maduka na watu wa boda wanakubaliana hapa bila kujali chama, ni hili: katikati ya mji pamechoka.

Si lazima uwe mhandisi kuliona. Msalimie mwenye duka yeyote, “Chamgei”, ataitikia “Chamgei mising”, na kabla hujauliza bei ya chochote atakuanzia na habari za mtaro. Mtaro umejaa mchanga, maganda ya miwa na chupa za soda. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, yanapanda barazani na kuingia dukani. Wengine wamejenga kijiukuta cha matofali mawili mlangoni, mteja anaingia kwa kuruka kama mtoto anayeruka kamba. Matofali hayo ni ya pesa yake mwenyewe, juu ya kibali cha biashara alichokwisha kulipia mwanzoni mwa mwaka.

Mama mboga naye ana yake. Analipa ushuru wa soko, anapewa risiti, anaikunja na kuiweka kwenye leso. Hiyo risiti ni kama ahadi: nimelipa, kwa hivyo mahali hapa patazolewa taka, patakuwa na choo kinachoweza kuingiwa, na usiku patakuwa na taa. Lakini rundo la taka la Jumatatu mara nyingine linakutana na la Alhamisi. Kabeji iliyooza ina harufu ambayo haiondoki hata ukijifuta na sabuni mara tatu, na mteja mwenye gari hashuki kununua nyanya mahali panaponuka. Anaendelea na safari, ananunua kando ya barabara huko mbele. Kwa hivyo taka si suala la macho tu, jamani. Taka inakula faida ya mtu.

Sasa ongeza giza. Wasichana wanaofanya kazi kwenye saluni, hoteli na maduka ya nguo hufunga saa mbili usiku hivi. Wengi wanatembea kwenda Majengo, Nyagacho na mitaa mingine ya karibu, kwa sababu boda kila usiku ni nauli ambayo mshahara hauwezi kuibeba. Mulika mwizi ikiwaka, unamwona anayekuja hatua mia moja mbele. Ikizima, mnakwenda wawiliwawili, simu zimefichwa ndani ya nguo, mkiongea kwa sauti ili anayejificha ajue mko wengi. Mwanamume akisema taa ni jambo dogo, mara nyingi ni kwa sababu hajawahi kuhesabu nguzo zilizozimika kati ya kazini na nyumbani. Wasichana wanazijua kwa idadi.

Kuna wanaosema Kericho iliharibiwa na mvua. Wana hoja, lakini nusu. Sisi tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Nairobi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu mchana, ikifika saa nane au saa tisa inamwagika. Na si maji tu. Wataalamu wa hali ya hewa huitaja Kericho miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mji wa namna hiyo ulihitaji mitaro kuliko ulivyohitaji kitu kingine chochote.

Maana lami haiuawi na magari pekee. Lami huuawa na maji yaliyokaa. Ufa mdogo unaingiza maji chini, changarawe iliyo chini inalainika, lori moja linapita, lami inazama, na wiki ijayo pana shimo. Ukiziba shimo lile bila kuzibua mtaro ulio kando yake, umeweka plasta juu ya kidonda chenye usaha. Mvua tatu tu, shimo limerudi, na limekuja na ndugu zake. Ndiyo maana watu wa hapa wanacheka kila wanapoona lori la murram likija kumwaga udongo ndani ya mashimo msimu wa mvua. Udongo huo unalala kwenye mtaro kabla ya Jumapili.

Kinachouma zaidi ni kwamba tunajua mji huu unaweza kupendeza, kwa sababu tuliuona ukipendeza. Oktoba 20, 2023 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyiwa hapa, uwanja wa Kericho Green. Wiki chache kabla ya siku hiyo mji ulikuwa kama bi harusi. Rangi, ukarabati, mafundi mchana na usiku. Uwanja uliokuwa hadithi ukawa uwanja. Mambo ambayo watu walikuwa wameambiwa kwa miaka kwamba yanangoja bajeti, yanangoja zabuni, yanangoja mwaka mpya wa fedha, yakawezekana kabla ya rais kufika.

Kisumu, majirani zetu, waliona sinema hiyohiyo Mei 2022 walipoandaa mkutano wa Africities. Na kila mji unaopewa sikukuu ya kitaifa hupitia hapo: Bungoma ilipata Madaraka 2024, Kwale ikapata Mashujaa mwaka huohuo, Homa Bay ikapata Madaraka 2025. Imekuwa kama foleni. Mji unangoja zamu yake ya kuoshwa uso. Sina ubaya na sherehe, mimi mwenyewe nilifurahia. Lakini kama dawa ya mtaro ulioziba ni kumsubiri rais aje kuhutubia, basi tutasubiri kaunti nyingine 46 zimalize zamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema tatizo ni pesa. Pesa ni kidogo, ndiyo, haijawahi kutosha mahali popote. Lakini angalia pesa inapopatikana inakwenda wapi. Inakwenda kwenye kitu kipya. Kitu kipya kina utepe, kina bamba la jiwe lenye jina la mheshimiwa, kina picha. Hakuna anayekata utepe kwa sababu mtaro umezibuliwa. Hakuna bamba la kumbukumbu kwa taa iliyobadilishwa balbu. Mtu wa kufagia hapigwi picha na gavana. Kwa hivyo mji unajengwa vipande vipya juu ya vipande vinavyooza: kabro mpya mwaka huu, na baada ya miaka miwili kabro hizo zimetitia kwa sababu maji yalipita chini yake. Tunaita hayo maendeleo.

Angalia chai yenyewe. Chai haipendezi kwa sababu ilipandwa vizuri miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoingia. Inapendeza kwa sababu kuna mtu anairudia. Kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi mchumaji anapita kwenye mstari uleule. Baada ya miaka michache unapogolewa. Asiporudi kwa miezi, kichaka kinakuwa mti, kwa sababu chai ni mti, wengi hawajui. Mji ni vilevile. Ukiuacha unaota.

Basi ni nani anayepaswa kuurudia mstari wetu? Jaribu kuuliza, utaona vituko.

Katiba, Jedwali la Nne, inasema uzoaji wa taka, masoko, taa za barabarani, maegesho na barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Hapo pako wazi. Lakini barabara kuu inayopita kutoka Nakuru kwenda Kisumu ni ya KeNHA. Barabara nyingine za mjini ziko chini ya KURA. Ukitoka kidogo nje unaingia za KeRRA. Kwa hivyo unaweza kusimama mahali pamoja, ukageuka polepole, na mashimo matatu unayoyaona yawe na wenyewe watatu. Shimo halina kitambulisho. Mwenye boda aliyevunja rimu hajui aende kulia wapi, na kila mlango anaobisha anaelekezwa mlango mwingine.

Na pesa za barabara zenyewe zimekuwa kesi. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli unayonunua inakatwa shilingi 25 za ukarabati wa barabara, kutoka 18 za awali. Mtu wa boda anayeweka lita mbili amechangia shilingi 50 kabla hajabeba abiria wa kwanza. Halafu magavana na wabunge wakavutana kuhusu nani azishike shilingi bilioni 10.5 za hazina hiyo, wakafikishana hadi mahakamani. Wakati ndovu wakivutana mkonga, shimo letu lilikuwa linaongezeka kina.

Wazee wa hapa hupenda kukumbuka baraza la manispaa la zamani. Kabla ya 2013 tulikuwa na meya na madiwani wetu, na mzee akikaa nje ya duka la chai atakuambia enzi hizo barabara zilifagiwa kabla ya jua. Nawasikiliza kwa adabu, lakini siamini yote. Mabaraza hayo yalikuwa na madeni na vituko vyao, na nchi nzima iliyacheka. Ila wana jambo moja la kweli: kulikuwa na ofisi moja yenye jina la mji. Ukikasirika ulijua mlango wa kupiga teke.

Sheria ilijaribu kurudisha mlango huo. Sheria ya Maeneo ya Mijini na Miji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, inasema manispaa iwe na bodi ya watu tisa. Baadhi yao wanapendekezwa na makundi: wataalamu, sekta ya kibinafsi, jua kali, vyama vya wakazi wa mitaa. Soma tena hapo: jua kali na wakazi wa mitaa wana viti. Sheria hiyohiyo inazungumzia mabaraza ya wananchi ambapo wakazi wanaweza kuuliza na kupendekeza kuhusu huduma. Benki ya Dunia nayo iliweka dola milioni 300 mwaka 2017 kwenye mpango wa kusaidia miji, manispaa 59 katika kaunti 45, Kericho na Bomet zikiwemo.

Fanya jaribio rahisi leo. Waulize watu kumi pale Chai Square wamtaje mwanachama mmoja tu wa bodi ya manispaa. Kisha waulize wamtaje mchezaji mmoja wa Arsenal. Si kosa la watu. Bodi ambayo haina ofisi unayoweza kuiona ukiwa barabarani, wala nambari iliyobandikwa sokoni, itajulikanaje?

Badala yake, siasa ambayo mji huu umekuwa nayo kwa wingi ni ya juu. Oktoba 2024 bunge la kaunti lilipiga kura ya kumng’oa Gavana Erick Mutai. Madiwani 31 kati ya 47 waliunga mkono, na Seneti ikaitupa hoja kwa sababu thuluthi mbili ya 47 ni 31 na kitu, kwa hivyo walihitajika 32. Agosti 2025 wakarudi tena, na kwa mara nyingine jambo likaishia Seneti kwa mabishano ya hesabu ya kura. Sichukui upande hapa, kila mtu ana gavana wake moyoni. Ninachosema ni kwamba nchi nzima ilijua Kericho kwa hesabu ya sehemu za desimali, na katika vipindi hivyo vyote vya runinga sikusikia mtu akiuliza nani anazoa taka.

Tukirudi kwenye chai, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kericho ni mji uliozungukwa na utajiri ambao haukuwahi kuuhitaji mji. Mashamba makubwa yalijengwa kama nchi ndogo: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, klabu, uwanja, barabara zake. Meneja angeweza kuishi miaka kumi bila kukanyaga soko letu. Na ardhi ile yote iko kwenye lisi za muda mrefu, kwa hivyo mji hauwezi kutanuka upande wowote bila kugonga ua wa chai. Umebanwa kama kiuno ndani ya suruali ya mwaka juzi.

Kilichokuwa kinaunganisha hizo dunia mbili ni mshahara. Mwisho wa mwezi mchumaji alikuja mjini kununua viatu vya mtoto, kunyoa, kula nyama. Kamba hiyo imekuwa ikikatika uzi mmoja mmoja. Mwishoni mwa 2019 Finlays ilifunga mashamba yake ya maua. Mashine za kuchuma chai zimeingia, na watu walipochoka Mei 2023 walizichoma moto. Wenyewe wa mashamba nao wamebadilika: mashamba ya Finlays yalikwenda kwa Browns ya Sri Lanka, asilimia 15 ikiachiwa ushirika wa wenyeji wa Kipsigis, na mwaka 2024 yale yaliyokuwa ya Unilever yakafuata njia hiyohiyo. Majina kwenye mabango yalibadilika haraka kuliko rangi ya majengo ya mjini. Kwa wakulima wadogo wa KTDA, bonasi ndiyo Krismasi ya mapema. Ikiwa nzuri, maduka ya mabati, simu na sare za shule yanapumua. Ikiwa mbaya, kama ilivyokuwa 2025 wakulima wa upande wetu walipolalamika wamepata kidogo kuliko wenzao wa Mlima Kenya, unaona mwenye duka amekaa nje kwenye kiti akihesabu pikipiki.

Ndiyo maana ukiinua macho kwenye majengo ya katikati ya mji utaona ghorofa za juu zenye vioo vya vumbi na bango la “To Let” ambalo limepauka hadi nambari haisomeki. Chini, duka lililokuwa moja kubwa limegawanywa kwa plaiwudi kuwa vijiduka sita: kifuniko cha simu, kucha, M-Pesa, mitumba. Sivilaumu vijiduka hivyo, ndivyo vinavyotulisha. Lakini mwenye jengo anayekusanya kodi sita hajapaka rangi ukuta wala hajarekebisha bomba la maji ya paa linalotapika katikati ya njia ya watu. Lawama zote tukizipeleka kaunti, hawa landilodi wanakaa kimya nyuma wakinywa chai.

Wateja nao wana pa kwenda. Zamani mtu wa Sotik au Bomet alikuja Kericho kwa karatasi, kwa kesi, kwa vifaa vya ujenzi. Bomet ikawa wilaya 1992, ikawa kaunti 2013, na leo ina watu 875,689 kwa hesabu ya sensa ya 2019, karibu sawa na Kericho yenye 901,777. Mtu wa huko ana gavana wake, benki zake, chuo chake. Rafiki zangu wa Bomet wananicheka nikilalamika, halafu tukifika kwao wanaanza kulalamika wenyewe: vumbi la kiangazi, tope la masika, malori ya barabara ya Narok yakipita katikati ya watu, takataka zikiteremka kuelekea Mto Nyangores. Mji mpya unazeeka kwa namna ileile ya mji wa zamani, ila kwa kasi zaidi.

Biashara inayokimbia katikati ya mji haipotei. Inakwenda kando ya barabara kuu, mahali magari yanaposimama. Na tunajua gharama yake. Juni 30, 2023, jioni, lori lililokuwa limebeba kontena lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, likafagia magari na wachuuzi. Watu zaidi ya 50 walikufa. Baada ya ajali hiyo serikali ilisema masoko ya kando ya barabara yahamishwe. Lakini mchuuzi hakai pale kwa ukaidi. Anakaa pale kwa sababu ndipo wateja walipo, na wateja wako pale kwa sababu soko la ndani limejaa tope, halina taa na halina mahali pa kuegesha. Ukitaka kumwondoa mama wa viazi kwenye njia ya lori, anza na mtaro wa soko lake. Hapo ndipo upuuzaji mdogo wa kila siku unapogeuka kuwa jeneza.

Sisi vijana tuna kero yetu ambayo wazee huiona kama anasa: pa kukaa. Kijana asiye na pesa ya kununua chochote anakaa wapi katika mji huu? Kwenye besi ya boda, kwenye ngazi za benki hadi askari amfukuze, au kwenye pool. Benchi chini ya mti ni kitu cha ajabu. Wenye kujaribu biashara ya smokie na mayai kwa mkokoteni wanacheza paka na panya na kanjo, leo hapa kesho pale. Ndiyo sababu Jumamosi mwenye nauli anakwenda Kisumu kutazama ziwa, anapiga picha, na anazipandisha mtandaoni kama amekwenda ng’ambo. Pesa yake ya wikendi inabaki Kisumu.

Na si kwamba hatuna vya kuonyesha. Kanisa Kuu la Sacred Heart lililofunguliwa 2015, lililochorwa na kampuni ya wasanifu ya John McAslan ya London, lina paa la vigae linalopanda kama kilima na linaingiza watu 1,500. Wasanifu wanalijua duniani kuliko tunavyolijua sisi. Gurudwara ya Masingasinga iko safi kila siku na hulisha anayeingia bila kumuuliza dini, desturi ambayo Baba Puran Singh, mtu wa Kericho hii hii, aliipeleka hadi Birmingham. Bustani ya miti ya Chagaik bado inapumua. Kwa upande mwingine kuna Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, hoteli iliyokuwa jina la mji, ambayo kila utawala umeahidi kuifufua. Ukiviangalia vizuri, tofauti kati ya vinavyong’aa na vilivyochoka si umri. Kanisa na gurudwara vina watu wanaovihesabu kuwa vyao, wenye ratiba ya nani anafagia lini.

Kuna wanaotaka tuige Kigali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi kila mtu ashike fagio kwa Umuganda. Mimi nitakuja, nileteeni jembe. Tumewahi kufanya usafi wa vijana hapa na ilikuwa poa. Shida ni kwamba tulirundika taka kando ya barabara, tukapiga picha, tukaenda kunywa chai ya maziwa, na lori la kuzibeba halikuja. Mvua ya saa tisa ilizirudisha kwenye mtaro uleule. Kujitolea kunaweza kuongeza nguvu, hakuwezi kuwa lori.

Kwa hivyo wakazi wanaposema wamechoka, wengi hawaombi jengo la ghorofa kumi. Nimewasikiliza barazani, sokoni na kwenye besi, na maombi yao ni madogo hadi yanaudhi. Mitaro izibuliwe kabla ya masika, yaani Februari, si Mei maji yakishaingia dukani. Taa ikizima ibadilishwe ndani ya wiki. Taka zije kuchukuliwa siku inayojulikana. Choo cha soko kiwe na maji. Landilodi apake ukuta wake na atengeneze bomba lake.

Na kwa wale wanaouliza “tufanye nini, manze”, kuna tarehe ambazo hazitangazwi sana. Kwa sheria, kila kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo lazima wananchi waulizwe. Vikao hivyo mara nyingi hufanywa katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati mwenye duka yuko dukani na kijana yuko kwenye mkokoteni, na tangazo lake huwa ukurasa wa ndani wa gazeti ambalo hakuna aliyelinunua. Wanaofika ni walewale, soda inanyweka, karatasi ya mahudhurio inajaa saini. Ukifika, usiulize barabara mpya. Uliza kuhusu mstari wa ukarabati: mwaka huu mji umetengewa shilingi ngapi za kuzibua mitaro, na mwaka jana zilitumika ngapi. Angalia jinsi watu wa meza ya mbele wanavyopekua makaratasi.

Kila mradi mpya hapa huwekewa bango: jina la mradi, mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wenye maduka wanataka bango kama hilo kwenye mtaro wa zamani, na si lazima liwe kubwa. Liandikwe jina la anayeuzibua, siku anazokuja, na nambari ya simu ambayo ukipiga saa tisa mchana, maji yakiwa yamefika kwenye tofali la pili, kuna mtu anaipokea.